Goti Langu na Kocha Kutoka Uswidi

Al Mansoura,
Doha, Qatar.
14 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Rael,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai kile kikohozi kimekuacha na baridi ya Kapsabet imepungua. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa zamu za hospitalini zinachosha.

Uliniambia kwenye simu nirudi nyumbani, kwa kuwa goti langu limeharibika na mpira ulionifariji huku ugenini umekwisha. Siku hiyo nililia tu, nikakata simu. Leo nakujibu.

Kocha wa timu yetu ya wanawake ni mama wa Kiswidi, Kerstin. Alikuwa mshambuliaji hodari kwao mpaka kano la goti likakatika, likashonwa, likakatika tena. Mwaka mzima hakutazama mpira hata kwenye televisheni. Kisha timu ya wasichana mjini kwao ikakosa kocha. Akaenda kuwashikia kwa wiki moja tu, hakutoka tena. Kazi hiyo ndiyo iliyomleta huku Doha, kwenye uwanja wa mtaa wa Muaither, anakotufundisha sisi wauguzi, wahudumu wa hoteli na walinzi.

Daktari aliponikataza kucheza, nilimrudishia Kerstin jezi. Akakataa kuipokea. "Kaa nayo," akasema. "Jumamosi njoo mapema, utafundisha washambuliaji."

Mwezi uliopita mamake Kerstin aliugua, naye Kerstin akasafiri kwao ghafla na kuniachia timu. Tulikuwa tucheze na timu ya mtaa wa The Pearl. Kufikia mapumziko tulishafungwa mabao mawili. Wasichana wakanizunguka: "Jebet, ingia wewe!" Shangazi, nilitamani! Nilishaanza kufunga kamba za viatu. Hapo nikamwona Zuleikha, beki wetu kutoka Zanzibar, mwenye mbio kutushinda sote. Nikavua viatu, nikamwambia apande mbele.

"Dada, mie sijapata kufunga goli maishani!"

"Basi utaanza leo."

Akafunga mawili! Tulitoka sare, lakini walinibeba juujuu kana kwamba tumetwaa kombe.

Kwa hiyo sirudi, Shangazi. Mwezi wa nne naanza kozi ya ukocha, nikitoka zamu. Najua itakuwa ngumu. Usinisikitikie, niombee. Baba akinuna, zungumza naye, wewe ndiye anayekusikiliza.

Kerstin amerudi wiki hii. Mazoezini nilisogea pembeni kumpisha, naye akapita moja kwa moja akaketi kwenye benchi, akaniacha nipange timu.

Nisalimie Baba, Kiprop na Stacy. Mungu awatunze, mvua iwafikie kwa wakati.

Mpwa wako anayekuwaza kila siku,
Jebet