Walishindwa Tulipokwisha Kuvuka

Ndiyo, Keza mjukuu wangu, uliyosikia ni kweli: nilimkatiza msemaji wetu katikati ya harusi yangu mwenyewe. Hapa Rebero tu wazima, na Festo wangu, ua la moyo wangu, anakusalimu.

Msemaji huyo wa upande wa bibi harusi ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwa akimtania bwana harusi, kama ilivyo desturi. "Mnatuletea askari aliyeshindwa? Kikosi chenu si kilipigwa asubuhi moja tu?" Watu wakacheka, mpenzi wangu akainamisha kichwa. Mpaka sasa nachemka!

Nilikuwa msichana mdogo huko Tanzania adui alipotufikia. Askari wachache, Festo akiwemo, walibaki nyuma kuwazuia maelfu ili sisi tuvuke mto. Mtumbwi wa mwisho ulipogusa ukingo, bunduki za kina Festo zikanyamaza; walikuwa wamezidiwa.

Basi nikasimama na shela yangu. "Walishindwa, ndiyo, lakini tulipokwisha kuvuka! Mama yako alikuwa mtumbwini, na mimba yako tumboni. Unamcheka nani?"

Akavua kofia, akaenda kumpigia Festo magoti.

Kabla mwezi haujaisha nitakuletea babu yako mpya. Inuka kwa heshima anapoingia.