Nazir, Mpishi Aliyeogopa Kuonja Chumvi

Nazir, mwaka umetimia tangu tukutoe nyumbani kwa mama yako hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kwenda kukuzika, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mama yako Amina bado hajalia. Watu wakimpa pole anaitikia, "Tumeshapoa," kisha anaendelea kupepeta mchele wake.

Ulikuwa mpishi wa nyumba ya wageni tangu watu wa gesi walipoanza kumiminika. Wali wako wa nazi ulimfanya Raul, karani wa serikali aliyeletwa kutoka Maputo, aache kulalamikia joto. Sahani ikirudi na chakula, ulitoka jikoni na mwiko wako kumwuliza mgeni kama anaumwa. Ulikuwa na maneno wewe.

Unga ulikuwa unauvuta, ule wa kulevya. Tulijua. Wewe na rafiki yako Abacar mlivutia nyuma ya jiko, na mama yako akajifanya hasikii harufu. Ramadhani ndiyo iliyowatesa, kwa kuwa moshi unafunguza saumu, na usipovuta ulitetemeka hadi kisu kikakudondoka.

Kisha ikaja Ramadhani moja ukafunga mwezi mzima, umetulia tuli. Hata chumvi hukuionja. Ulikuwa ukimwita Raul: "Kaka Raul, njoo unionjee, mimi nimefunga." Mama yako alipita mtaani kichwa juu. Kila magharibi alikuwekea uji na vitumbua vya moto, akimwambia dada yako Dalila, "Mwanangu ameacha."

Hukuwa umeacha. Miaka ilipita, tukaja kujua hospitalini, umebaki mifupa, ulipoambiwa una virusi vya UKIMWI na kifua kikuu. Muuguzi Hortênsia alikuuliza taratibu ulianza lini kujidunga. Ulimjibu mama yako badala yake.

"Ni ile Ramadhani, mama. Shehe alisema sindano ya hospitali haifunguzi. Tukaona na yetu ni hivyo hivyo, haipiti kooni."

"Sindano ya nani?"

"Yetu sote. Moja. Dukani walikataa kutuuzia."

Shehe alikuwa akimjibu bibi mgonjwa msikitini. Ninyi mkalichukua jibu la bibi wa watu mkaenda nalo nyuma ya jiko. Inatuuma, Nazir, kwamba ulikuwa unailinda saumu yako. Tungependa kukasirika, lakini hata hasira haiji. Vidonge ulivianza mwili ukiwa umeshachoka.

Haya tumeyaandika kwa idhini ya mama yako. Amechoka kusikia kwamba ulirogwa kwa wivu wa kazi. Anataka vijana wasikie kwake: asiyeweza kuacha leo, asishiriki sindano na mwenzake, na wote waende kupima.

Abacar alikataa kupima. Alikuzika, akatukimbia karibu mwaka mzima. Siku ya kwanza ya mfungo huu akaja adhuhuri kumjulia hali mama yako, amevaa shati la mikono mirefu katika jua lile.

"Shikamoo mama. Nimefunga," akasema, kwa furaha kabisa.

Mama yako alimtazama mikono. Akaenda mtungini, akachota maji, akampa kikombe.

"Kunywa."

"Mama, mchana huu?"

"Mgonjwa ana ruhusa. Kunywa, twende kwa Hortênsia."

"Mimi siumwi, mama."

"Nazir alifunga vizuri kuliko wewe, mwanangu. Kunywa."

Dalila alikuwa mlangoni. Anasema Abacar alikishika kile kikombe kwa mikono miwili, akanywa yote. Mama yako akachukua ushungi wake, wakaondoka kwa miguu, yeye mbele na Abacar nyuma.

Anavyo virusi, Nazir. Lakini amewahi. Hortênsia amempa vidonge, na kwa kuwa hatumwamini hata kidogo, anakuja kuvimeza hapa mbele ya macho ya mama yako. Kila magharibi mama yako anamwekea uji katika bakuli lako. Jana tulimsikia akimwita, "Nazir, uji unapoa." Abacar akaitika.

Wanaokukumbuka ni mama yako Amina, dada yako Dalila, wajomba zako wa kisiwa cha Vamizi, Raul aliyekuonjea chumvi, na Abacar. Mungu akurehemu. Maadamu tunapumua, hutasahaulika kwetu.