Mkwe Kaniletea Majivu, Serikali Inayataka

Bi Samiha mpendwa, nisaidie kabla mvua haijanyesha. Mimi ni Benadeta wa Nyakatuntu, nina kibanja cha migomba na kahawa, na nina mkwe, Mutabazi, dereva wa lori kwenye kiwanda kinachochoma makaa ya mawe kujizalishia umeme, kijana mwenye adabu mpaka inachosha, tangu amuoe Kokugonza wangu hajawahi kunitazama usoni, basi akasikia natia majivu ya jikoni kwenye migomba kama tunavyofanya sote huku, akatuma neno kwamba mama asihangaike na vijivu vya kuzoa kwa ungo, akaniletea lori zima la majivu ya kiwandani, weee, majirani walijaa, tukanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikacheza mpaka kitenge kikafunguka. Sasa mtendaji wa kata ametangaza mkutanoni kwamba sheria hairuhusu majivu yale kutolewa ovyo kiwandani, yana sumu, yanatakiwa kwenye shimo maalumu lililosakafiwa, aliyepewa aseme yakachukuliwe wala hataadhibiwa, na rundo langu liko mteremkoni, juu ya chemchemi inayonywesha kitongoji kizima. Lakini kwetu zawadi ya mkwe hairudishwi, ukiirudisha umesema humtaki, na kumwambia mwenyewe siwezi maana hatuongei ana kwa ana, na Kokugonza analia kwenye simu, mama utanivunjia ndoa. Nimewaza niyafunike kwa nyasi, ninyamaze. Nifanyeje?

BI SAMIHA ANAJIBU, OMURUSHAKA

Mama Kokugonza, kwenye kitenge nimecheka, kwenye nyasi nikaacha kucheka. Uyafunike? Ala! Mvua itaziomba nyasi ruhusa? Itayashusha mpaka kwenye ndoo zenu, na wajukuu zako watakunywa. Majivu ya kuni endelea nayo, hayana ugomvi na mtu. Ya makaa ya mawe yana madini ya sumu, ndiyo maana yakawekewa sheria. Haikutungwa kumwaibisha Mutabazi.

Uchungu wako naujua. Mkwe wangu aliniletea sofa lisilopita mlangoni, liko barazani mpaka leo na mimi natabasamu tu. Lakini sofa halitiririki kwenye maji ya watu.

Haya, nisikilize. Leo hii lifunike rundo kwa turubai, chimba mfereji wa kukinga upande wa chemchemi, na watu wachote kwingine mpaka maji yapimwe. Mpigie mtendaji. Kisha mwite mshenga aliyeleta posa. Kama ulimi wake uliweza kukutoa binti, hautashindwa na majivu. Amwambie Mutabazi hivi: mama harudishi zawadi, anakuomba uje na lori lako, wakiwepo watu wa mazingira, uyaondoe wewe mwenyewe, kitongoji kikuone unaokoa maji yake. Pika, andaa rubisi, na asiondoke bila mkungu wa ndizi. Hapo nani atasema umemkataa?

Akiuliza alete nini badala yake, mshenga ajibu samadi ya ng'ombe, lori zima. Hiyo, mama, ifunike kwa nyasi unavyotaka.