Mlango wa Gereji Uliogoma Kushuka

Rose, kaka Machibya kakaa chini kabisa.

Ule mlango wa chuma aliouweka kwenye gereji ya Buhongwa, wa kuzuia moto usipande kwa wapangaji ghorofani, leo mkaguzi kaujaribu kwa moto. Umegoma kushuka. Umegoma, Rose!

Kaka kupanda ngazi, kile kipande cha risasi kinachoyeyuka kwa joto ili mlango ushuke hakipo. Pamefungwa waya. WAYA!

Mlinzi, mzee Mashimba, hana hata wasiwasi: "Risasi ile nimeitia kwenye nyavu zangu. Inazama vizuri sana."

Machibya kamuuliza, "Mzee, umechukua hiyo moja tu?"

"Moja tu, mwanangu. Ila wenzangu niliwaelekeza, kila mtu akachukua ya lindo lake."

Kaka kaweka milango kama huo kumi na miwili Mwanza hii. Anawapigia walinzi, hawapatikani. Wako ziwani, wanavua.