Orodha Moja, Majina Mawili

Nyumbani, mlango wa pili baada ya fundi viatu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji, na wale mapacha wako watundu? Kile kikohozi kimekwisha? Huku mvua imenyesha wiki nzima, na paa la jikoni linavuja palepale lilipovujia enzi zako. Hata ndoo ni ileile.

Sasa kaa chini, dada. Barua mbili nimeshazichana, na hii nikizungukazunguka nitaichana pia. Kwenye simu ningelia, na mama angesikia.

Unajua kazi yangu pale hospitali ni kompyuta. Wewe mwenyewe ulinibatiza Daktari wa Waya. Mwezi wa kumi nilikuwa natengeneza programu ya kuwatumia ujumbe wagonjwa wanaosubiri upasuaji wa macho. Nilitaka kuijaribu bila kugusa orodha yenyewe. Basi nikainakili, nakala nikaiita "jaribio", nikafuta humo majina kumi na moja nione itakuwaje. Ikaenda vizuri. Nikajisifu, nikaenda zangu kula.

Kumbe sikunakili kitu! Amri niliyoandika haitengenezi orodha ya pili, inaipa ileile moja jina jingine. Ni kama wewe unavyomwita mama na mimi, mtoto wa mdogo wake, nikamwita mama mkubwa. Anayeitika ni yuleyule. Nilichofuta huku kilifutika na kule. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mimi nina miaka sita kazini.

Jina la tatu kati ya yale lilikuwa la mama.

Wale kumi wengine walipoona kimya walikuja dirishani kufoka. Karani akawarudisha orodhani mmoja mmoja kwa mkono, akidhani uzembe ni wake, akanyamaza. Mama hakuja. Aliwaambia majirani yeye hana haja ya kuhangaika, mwanawe yumo humo humo ndani, siku ikifika ataambiwa. Kila jioni aliniuliza kama wamemwita, nami bila hata kufungua orodha nikamjibu kwamba foleni ni ndefu, avumilie. Miezi minne, dada! Hilo linanikaba kuliko hata kule kufuta.

Presha ya macho haisubiri mtu. Mwezi uliopita alimimina chai pembeni ya kikombe, nikamkimbiza hospitali. Daktari akatafuta jina, hakuliona. Akampima, akaniita kando. Upasuaji ungeokoa kile kilichokuwa kimebaki, na sasa hakijabaki kitu. Macho yote mawili. Hata taa haioni.

Mkuu wangu nimemweleza. Anasema tuandike "hitilafu ya mitambo", yaishe. Mama anasema ni mapenzi ya Mungu, tena ananibembeleza mimi. Nimejaribu kumwambia mara tatu, na kila nikifungua mdomo ananiuliza kama nimekula. Alinilea tangu nikiwa wa kubebwa, na leo namwogopa.

Sikuombi unisamehe, sina uso huo. Nakuomba umwandikie wewe, umweleze yote kama nilivyokueleza. Barua zako alikuwa akizisoma mwenyewe. Sasa msomaji ni mimi. Nitamsomea hiyo neno kwa neno, na ukinitukana, matusi yako sitayaruka.

Msalimie sana shemeji, na mapacha wape busu za mjomba wao. Baba mdogo anakusalimu, goti lake bado linamsumbua. Mungu akutunze huko uliko, akupe nguvu baada ya kuikunja barua hii.

Mama yuko hapa mezani, anasikiliza kalamu. Anashangaa mbona leo naandika kirefu. Anasema nikuandikie usiwe na wasiwasi juu yake, maana mimi nipo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Daktari wa Waya.