Baiskeli ya Mamdogo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nyumba kumi na nne leo. Kumi na nne! Na Mamdogo nyuma kwenye keria, kakaa upande, mizani ya watoto mapajani, begi la madaftari begani, mdomo haujapumzika tangu Mbwawa mpaka karibu na reli ya Soga. Treni ya umeme ikapita shwaaa, nikageuka kuitazama. Nikala kofi la mgongo. "Angalia njia, Hamidu. Hiyo haikubebi wewe."

Kweli hainibebi. Mi ndo nabeba.

Mwaka wa sita huu. Mamdogo ni mhudumu wa afya, anazunguka nyumba kwa nyumba kupima watoto na kuwaandika wajawazito, na baiskeli hajui. Bodaboda hataki, eti wanakimbia kama wamefumaniwa. Basi miguu yake ni mimi. Alinichukua mama alipofariki, kanilea yeye, kwa hiyo hata nikinuna inabidi ninune nikiwa mbele, asinione uso. Faida ya kuendesha ndo hiyo tu.

Jumamosi, 14 Juni

KISARAWE! Nimeondoka giza halijaisha, njia ya Kiluvya, vilima vyote nimepanda bila kushuka.

Jumamosi ya tano hii naenda kwa dada Stellamaris. Zamani alikuwa anachomelea mageti na madirisha, siku hizi anatengeneza baiskeli. Za kwake kabisa! Bomba anakata mwenyewe, anapinda, anachomelea fremu, anapiga rangi. Magurudumu na cheni tu ndo vya dukani. Mi kuchomelea nilijifunza kwenye simu, kisha kwenye vyuma vyake vibovu. Hanilipi, simdai, najifunza.

Leo kachukua fremu niliyounga mimi. Kaibana, kaipiga nyundo. Moja. Mbili. Tatu. Haikuachia! Dulla, yule anayefanya naye kazi, akasema bahati ya mgeni. Stellamaris kamwambia bahati haichomelei chuma, halafu kanigeukia: "Tarehe kumi na nne Julai, Jumatatu, saa mbili kamili. Chumba cha nyuma kipo. Uje na nguo zako. Usipotokea namchukua mwingine, wapo wengi."

Nimerudi naimba. Kufika Kiluvya wimbo ukakatika wenyewe.

Mamdogo je?

Jumapili, 15 Juni

Nimepata! Nimepata nikiwa chooni, sijui kwa nini mawazo mazuri yote yanakuja huko. Mamdogo apate baiskeli YAKE. Ajifunze. Mi niende.

Nikampigia Stellamaris hapo hapo. Nikamwambia hizo Jumamosi zangu zote, na zinazobaki, zigeuze baiskeli moja. Kakubali! Halafu swali: "Kipimo cha mguu wake?"

Nikasema mrefu wa wastani.

"Sijauliza mrefu. Mguu wa ndani. Kutoka juu kabisa mpaka kisigino. Anayejifunza lazima miguu yote miwili ikanyage chini, asipokanyaga ataogopa, akiogopa umepoteza baiskeli."

Mguu wa ndani! Wa mama mdogo wangu! Nichukue futi nipige magoti pale uani nimwambie Mamdogo tanua? Nife tu.

Jumatano, 18 Juni

Nyumba tisa. Mvua ya ghafla. Siku tatu sasa nawaza kipimo. Jana nilijaribu kumkadiria alipokuwa anapepeta mchele — kaniuliza kama nimeona nyoka.

Ijumaa, 20 Juni

Maua! Mjinga mimi, Maua yupo mlango wa pili miaka yote! Ndo anamshonea Mamdogo, hata zile suruali za kuvalia ndani ya dera. Nikaenda, nikazungukazunguka, nikashika vitambaa. Maua kasema, "Hamidu, sema shida yako, usinichafulie satini."

Nikasema.

Kacheka mpaka kaacha cherehani. Kafungua daftari lake. Inchi ishirini na saba. Kaniapisha nisimwambie mtu, nikamwapisha na yeye.

Jumamosi, 21 Juni

Leo ilikuwa siku ya kuchagua. Na kuchagua ni kazi kuliko kuchomelea, sikujua!

Mi nilikuwa nishaiona yangu. Nyekundu, bomba la juu limenyooka, gia saba, ukiisimamisha tu inaonekana inataka kuondoka. Stellamaris kaniangalia. "Unamchagulia nani? Yeye au wewe?"

Dulla: "Kwanza kwa dera lile? Atarusha mguu kama anapanda ng'ombe!"

Sawa. Nikasikiliza. Fremu iliyoshuka katikati, avuke bila kuinua nguo. Hakuna gia, anayejifunza akishika na gia anasahau njia. Usukani mpana ulioinuka, aketi wima aone mbele. Matairi manene, mchanga wa kwetu ule. Kava la cheni limefunika kote, dera lisitafunwe. Rangi ya kijani, hiyo nimechagua mi mwenyewe, alikuwa na kitenge cha kijani siku aliyonipeleka form one.

Siti nayo si ya kufunga kwa spana. Ina mkono mdogo wa kubana pale chini yake, unalegeza unapandisha, unabana. Stellamaris kanionyesha mara mbili. "Unaanza chini kabisa. Usimguse. Akizoea, magoti yatamuuma, atapandisha mwenyewe. Siku utakayokuta siti imepanda ujue ameshaweza."

Tumegombana kitu kimoja tu. Keria. Yeye kasema hapana, weka kikapu cha mbele, begi na mizani vinatosha, anayejifunza asiwe na kitu nyuma. Nikasema dada, baiskeli bila keria ni baiskeli gani? Kwetu watacheka! Hiyo ni nusu baiskeli! Kasema mzigo wa mbele anauona, wa nyuma haumwachi. Sikuelewa. Nikang'ang'ania. Nikachomelea keria mwenyewe, nondo za milimita kumi, na stendi ya miguu miwili chini yake. Dulla kaikalia, kaikalia tena kwa kuruka. Imara!

"Haya," Stellamaris kasema. "Wewe ndo unamjua."

Jumamosi, 5 Julai

Imefika! Nimeendesha ya kijani kutoka Kisarawe mpaka nyumbani, siti chini, magoti yananigonga kidevu, yangu nimeiacha kwa Dulla nitaikuta huko. Watu wa barabarani wamenicheka njia nzima. Kijiweni kwetu: "Hamidu, geti la nani hilo umebeba?" Mwingine: "Ya Kisarawe? Kwani mitumba ya Japani imeisha?" Nikawaambia pigeni nyundo muone. Hakuna aliyepiga.

Mamdogo alikuwa anaosha vyombo. Kaiangalia. Kafuta mikono kwa dera, kagusa usukani. "Ya nani?"

Yako.

Kazunguka mara moja, mara mbili. Kapiga kengele — kri kri — kacheka kama mtoto. Kisha kaniangalia mimi. "Na wewe?"

Hapo ndo mdomo wangu, huu mdomo! Nikamwaga yote. Kisarawe, fremu, nyundo, chumba cha nyuma, Jumatatu ya tarehe kumi na nne. Nimeongea nadhani dakika kumi bila kumeza mate.

Kasema tu, "Nikijua kuendesha, utaenda."

Nikasema haki ya Mungu, ukijua tu, naenda. Na usipojua siendi.

Kwa nini nikasema hiyo ya pili? Hakuniuliza ya pili!

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, hakuna kazi. Uwanja wa shule, toka saa mbili.

Nimemtolea pedeli kwanza. Mbinu yangu mwenyewe! Anasukuma kwa miguu kama bata, anajifunza kujizuia asianguke. Miguu inakanyaga chini yote, Maua Mungu akubariki. Tatizo nililokuja kuliona: Mamdogo hajui kuwa mbele. Miaka sita nilimwambia tulia, usijitikise, nikilala kushoto wewe nyooka. Sasa yuko kwenye siti na bado anakaa kama mzigo! Baiskeli inalala, yeye kanyooka anasubiri mtu mwingine aiweke sawa.

"Mamdogo, iendeshe wewe!"

"Si ndo hivi naenda?"

Watoto kumi wamekaa kwenye ukuta. "Bibi nesi, kanyagaaa!" Kawaambia atawachoma sindano wote. Hana hata sindano.

Jumatano, 9 Julai

Pedeli nimerudisha. Kaanguka mara tatu. Afadhali mara zote upande wa majani. Ananiambia mwili mzito, Hamidu, mwili wa utu uzima huu, mwenzio wakati wangu umepita.

Nyumba kumi na moja baada ya hapo, naendesha ya kijani, yeye nyuma. Keria haijalia hata kidogo. Nimeichomelea vizuri mno.

Alhamisi, 10 Julai

Kaanguka mara nne. Majani.

Stellamaris kanipigia. Unakuja? Nikasema nakuja. Sijui nilikuwa namjibu nani.

Ijumaa, 11 Julai

Sikufundisha leo. Nimelala kitandani mchana kutwa nimeangalia bati. Lina misumari ishirini na sita. Mi na hii nyumba! Najua kila ufa. Nikifumba macho najua ni mlango gani umelia. Wenzangu wako Dar, mmoja yuko Tunduma, mi nimefika Kisarawe tu na huko pia nashindwa kufika!

Mamdogo kanigongea. Kaniletea chai na maandazi manne. Huwa ananipa mawili.

Jumapili, 13 Julai

Kaenda kisimani mara ya pili, naandika haraka kabla hajarudi.

Asubuhi nimetoka kuifuta ile baiskeli. Siti imepanda.

Vidole vinne! Nimepima mara mbili. Mi sijaigusa, niliiweka chini kabisa, ilikuwa chini kabisa Alhamisi. Na tairi la nyuma lina udongo mwekundu. Uwanja wa shule ni mchanga mweupe. Udongo mwekundu mpaka uende kule upande wa Soga!

Nikaenda kwa Maua. Sikuuliza, nimesimama tu. Yeye mwenyewe kaanza: "We Hamidu, mwalimu wewe! Mamdogo wako jana alfajiri kapita hapa, salamu kanipa kwa kengele. Juzi pia. Anakata kona kama mtu wa posta." Akaona uso wangu. "Kwani hukuwa unajua?"

Mara saba kaanguka mbele yangu. Mara saba, upande wa majani!

Nikarudi. Kafika na ndoo kichwani, hajashika kwa mkono. Mtu wa kubeba ndoo hivyo bila kushika, eti anashindwa kujizuia kwenye baiskeli! Nilikuwa mpumbavu kiasi gani?

Nikauliza kwa upole, "Mamdogo, siti nani kapandisha?"

Katua ndoo. "Kuku labda."

"Kuku gani anajua kulegeza ule mkono?"

"Hamidu, kuna ugali wa jana, pasha ule."

Nikakaa. Na yeye kakaa. Kaanza kuchambua mchicha, majani mazuri anatupa, mabovu anaweka sufuriani. Baadaye kauliza, bila kuniangalia, huko Kisarawe nani ananipikia. Nikasema nitapika mwenyewe. Kacheka. "Wewe? Unaunguza hata maji." Kacheka tena, ila cha pili hakikuwa kicheko.

Ningeweza kusema. Nilikuwa nalo hapa mdomoni: najua unajua. Neno moja tu, na yeye ndo aliyeweka sharti, mbele ya Mungu, nakwenda. Lakini nikisema namwambia pia kwamba ni mwongo. Mamdogo! Aliyenifundisha kusoma saa kwa kijiti na vivuli. Nikinyamaza siendi. Nikisema naenda namna gani, nimemwacha na aibu sufuriani?

Anarudi. Begi langu la nguo nimelifunga. Nimeliweka pale mlangoni alione. Labda likisema lenyewe.

Jumatatu, 14 Julai

Saa kumi na mbili kasoro. Nikitoka sasa hivi na kukanyaga bila kupumzika nafika Kisarawe saa mbili.

Begi halipo mlangoni.

Liko nje. Limefungwa kwa mpira kwenye usukani wa ile ya kijani, mbele, pale ambapo kingekaa kikapu. Na Mamdogo yuko kwenye keria. Kakaa upande, mgongo umenyooka, dera la sikukuu, mizani mapajani. Stendi ya miguu miwili imemshika wala haitikisiki. Kazi yangu.

Sielewi. Begi la nini, mizani ya nini?

Nimesema shikamoo. Marahaba. Nimeuliza tunaenda wapi. "Panda kwanza."

Nimeweka mkono kwenye siti. Siyo chini kama nilivyoiweka mimi. Siyo vidole vinne kama yake. Imepanda mpaka mwisho kabisa, mpaka kwenye ile alama ya kwamba usizidishe. Nimesimama pembeni yake, imenifika nyongani sawasawa. Hakuwa na futi. Hakwenda kwa Maua.

Hakuniangalia hata nilipotoa daftari nikalilaza juu ya siti. Ndo naandikia hapa, amekaa pua na mdomo na mimi, ananuka yale mafuta yake ya karafuu.

"Unaandika nini?"

Nikasema hesabu ya nyumba za leo.

Bodaboda imepita. Jogoo wa Maua. Kashika ukingo wa keria kwa mkono mmoja kama anavyoshika siku zote kabla sijaanza kukanyaga.

"Kumi na mbili," kasema. "Andika kumi na mbili. Nitazipitia mwenyewe nikirudi."