Alichosema Mama Akipura Mtama

Dada yangu Rwamba,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe, Baba, watoto wako, na hata mbuzi wako wanaokula nguo kwenye kamba. Goti lako likoje? Nilifurahi uliposema umeanza kwenda kanisani tena kwa miguu yako, lakini usilidanganye. Mitungi ya maji waachie walio na magoti mazima. Mimi sijambo. Baridi ya huku imeanza kulegea, na wazee ninaowahudumia wanaomba watolewe nje waketi juani. Nawavalisha sweta mbilimbili, nawafunga vifungo hadi shingoni, nakukumbuka ulivyokuwa ukitufunga sisi.

Juzi kwenye simu uliniuliza nilimwambia nini Njue. Ulisema mdogo wetu amerudi kulala kwake, amempeleka mkewe kliniki mwenyewe, kisha akaja jikoni kwako kuuliza mtoto mchanga huoshwaje. Nilikujibu kwamba nitakuandikia, na labda ulidhani nakuficha kitu. Sivyo. Nilijua nitalia kabla sijafika katikati, nawe utalia, na Baba atasikia nusu ya habari. Kwa hiyo barua hii nimempa mama mmoja wa kanisa letu, mzaliwa wa Manyatta, anayekuja nyumbani likizo. Tafuta mahali uketi kwanza.

Unawakumbuka wale wazungu wa kamera? Mimi nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na mitatu. Walikaa kijijini kwetu msimu mzima wa mtama, wakipiga filamu ya maisha ya watoto wa mashambani. Tulisikia baadaye kwamba ilionyeshwa kwao, lakini sisi hatukuiona kamwe. Mimi nilichobaki nikikumbuka ni peremende tu.

Sasa, mchungaji wetu hapa Ujerumani alitangaza kwamba kuna mama mzee, Renate, anayetafuta mtu anayejua Kimbeere. Alikuwa na kanda za zamani alizopiga Kenya, anataka kuitengeneza filamu yake upya, na mkalimani wa wakati ule alikuwa amemtafsiria nusunusu. Watu wa Embu na Meru wapo kanisani, lakini Mmbeere wa upande wetu wa Kiritiri ni mimi peke yangu. Nikainua mkono. Moyoni nilijiambia huenda ni wale wale, nikajikataza kutumaini.

Nilienda kwake Jumamosi. Alinipa chai, akawasha mashine, na mtu wa kwanza kutokea kwenye skrini ni wewe. Uko juu ya dungu katikati ya mtama, umeshika kombeo, unawatukana ndege matusi ambayo sikuweza kumtafsiria mama wa watu. Mimi niko chini, suruali imetoboka matakoni, nakuokotea mawe. Nilicheka hadi Renate akasimamisha mashine.

Nikamwambia, "Huyu ni dada yangu. Na huyo wa chini ni mimi."

Alinitazama, akatazama skrini, akaweka kikombe chini. Sauti yake ikashuka. "Basi mama yako ni yule aliyekuwa akipura," akasema.

Rwamba, mimi nilikuwa nimemsahau Mama uso. Hatuna hata picha yake moja. Nilikuwa nikimjua kwa leso ya kijani na harufu ya moshi, basi. Nilimwambia Renate aendelee, nikashika kiti.

Mama amesimama uani, anapura mtama kwa fimbo, makapi yanaruka juani. Tumbo ni kubwa. Wewe unapita nyuma yake na ungo kichwani, anakuambia kitu, mnacheka wote wawili. Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba ni kijana. Ni mdogo kuliko wewe ulivyo sasa. Kisha sauti ya yule mkalimani inamuuliza kama haogopi kuongeza mtoto mwaka wa kiangazi namna ile. Mama anacheka tena. Anapangusa uso kwa mkono, anaegemea fimbo, na anasema maneno haya, nayaweka kwa Kiswahili kadiri niwezavyo:

"Hawa wawili walikuja wenyewe. Huyu nimemwomba. Miaka saba nimepiga magoti kwa ajili yake. Sasa niogope nini? Mtu haogopi kitu alichokiomba."

Mkalimani alimwambia Renate, "Anasema Mungu atasaidia." Hayo tu. Kwa hiyo hayakuingia kwenye filamu, yakakaa ndani ya sanduku miaka yote hii. Kumbe mimi na wewe, dada, tulikuja wenyewe! Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na yule mama akanishika mkono asijue bado amesikia nini.

Hapo nikamfikiria Njue. Unajua jinsi tulivyomlea, tukikwepa habari ya ule mkokoteni wa punda wa kumpeleka Mama hospitali, akikata roho njiani na mtoto akilia mikononi mwako. Tulidhani kunyamaza ni kumhurumia. Kumbe shuleni watoto walikuwa wakimwambia ndiye aliyemmaliza mama yake, naye akalinyamazia neno hilo hadi akawa mtu mzima. Ndiyo sababu mkewe aliposhika mimba, Njue alihamia kulala dukani Kiritiri, kati ya simu mbovu anazotengeneza. Wewe ulimsema, Baba alimsema, mimi nilimsema kwa simu, na kila tulipomsema alizidi kujificha.

Nilimpigia palepale sebuleni kwa Renate. Nikamwambia afunge duka kidogo asikilize. Nikaweka simu karibu na spika. Mama akacheka, akasema maneno yake. Upande wa pili nasikia pikipiki zikipita huko kwenu.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Ni Mama. Wewe uko tumboni."

Akaomba nirudie. Nikarudia, akaomba tena. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mdogo, "Kumbe niliombwa." Akakata simu.

Mengine uliyaona mwenyewe. Si mimi niliyemwambia, dada, ni Mama. Jana alinitumia ujumbe kwamba wakipata msichana atamwita Ciarunji, kama desturi inavyotaka. Jina hilo la Mama sijawahi kumsikia akilitamka.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Njue ataifungua kwenye kompyuta yake ya dukani. Itazame kwanza wewe, kisha uamue kuhusu Baba. Wewe ndiye unayeishi naye, unajua anachoweza kubeba. Yeye pia yumo, ana nywele nyingi, anamkimbiza punda.

Halafu kuna kanda ya mwisho. Wazungu walikuwa wamerudi kuaga, na Mama tayari tumemzika. Uko jikoni na Njue mgongoni, unakoroga uji, umevaa sare ya shule ambayo sasa ni nguo ya kupikia. Renate anasema siku hiyo hakujua aulize nini, kwa hiyo hakuuliza. Unainua macho kidogo, kisha unarudi kwenye sufuria. Nimekushukuru mara nyingi kwa mdomo, Rwamba, lakini sikujua ninashukuru nini hadi nilipoona jinsi mikono ile ilivyokuwa midogo. Asante. Asante kwa uji ule, na kwa kila uliofuata.

Nisalimie Baba, umwambie namwombea kila siku. Nisalimie mke wa Njue, asibebe vitu vizito. Nisalimie sana jirani yetu aliyemnyonyesha Njue pamoja na mwanawe. Kamwonyeshe filamu hii pia, naye yumo, akipeta ndengu.

Renate ataandika majina chini ya picha, na kila mmoja alikuwa nani. Chini ya Mama tumeandika: Ciarunji, mkulima. Ilipofika zamu yako aliniuliza kama aandike dada mkubwa. Nikamwambia hapana. Andika: Rwamba, aliyetulea.

Ndugu yako akupendaye,
Nyaga